Chembe Nyeupe za Kiboko

Tulimzika Daktari Nthenya huko Tseikuru, siku ya Alhamisi, katika shamba la kaka yake, na upepo uliotoka upande wa soko la mifugo ulikuwa mkali hivi kwamba tulishika karatasi za ratiba kwa mikono miwili. Kwenye ratiba hiyo, maisha yake ya kazi yalipewa mistari mitatu: alisomea ng'ambo, alifundisha chuo kikuu, alifanya utafiti wa maji. Mchungaji aliisoma haraka, kama mtu anayejua kwamba jua limewaka na watu hawajala, kisha akaingia katika wokovu wa marehemu, ambao ulikuwa na ukurasa mzima. Simlaumu. Mimi mwenyewe niliitwa niseme "dakika mbili tu, kama mwanafunzi wake," na nilipofika kwenye kipaza sauti nikasema kwamba mama huyu alinifundisha kusema ukweli, kisha nikarudi kuketi. Watu waliitikia amina. Hawakujua nilikuwa nazungumzia nini, nami sikuwa na nguvu za kueleza. Baadaye, nilipokuwa nikisaidia kuosha sahani, dada yake mdogo Kavinya alinijia na kitambaa mkononi. "Wewe ndiye yule Kasyoka?" akaniuliza. Nikamwambia ndimi. "Mlipokaa Kiboko mwaka ule, mlikuwa mnafanya nini hasa? Sisi alituambia anaangalia tope. Tukafikiri labda kichwa kimechoka." Nilimwambia tulikuwa tunaangalia bakteria. "Si hizo ndizo za magonjwa?" Nikasema si zote, na kwamba zile zetu zilikuwa kubwa sana, kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho bila mashine. Akanitazama kwa namna ambayo watu wengi wamenitazama tangu wakati huo. "Basi niandikie," akasema. "Hata watoto wa hapa wasome wajue shangazi yao hakuwa na wazimu."

Sitaanza na kuzaliwa kwangu wala na wazazi wangu. Hayo nimeyaandika kwingine. Nitaanza na chumba. Kilikuwa Kiboko, hatua chache kutoka barabara kuu, katika safu ya vyumba vya kupanga nyuma ya hoteli ya Mama Halima. Kilikuwa na meza moja, viti viwili, ndoo saba za plastiki zilizofunikwa kwa magazeti, na dirisha tulilolikinga kwa katoni ili mwanga wa nje usitusumbue. Malori ya kutoka Mombasa yalipopita, sakafu ilitetemeka, na chochote tulichokuwa tunakitazama kwenye hadubini kilicheza kama kitu kilichoshikwa na homa. Daktari Nthenya alitatua jambo hilo kwa njia yake mwenyewe: alinunua tyubu ya gurudumu la gari dogo, akaijaza upepo nusu, akailaza mezani, akaweka juu yake bamba zito la jiwe, na juu ya jiwe akaweka hadubini. Tangu siku hiyo malori yalipita nasi hatukujua. Ukuta mmoja wa chumba ulikuwa wa mbao na haukufika juu kwenye mabati. Upande wa pili kulikuwa jikoni kwa Mama Halima, kwa hiyo tulifanya sayansi yetu katika harufu ya vitunguu na iliki, na kila neno lililosemwa jikoni tulilisikia kana kwamba limesemwa mezani petu. Mama Halima alikuwa mjane. Jamaa zake walitoka upande wa Garissa zamani, yeye akazaliwa barabarani hapo hapo, na Kikamba alikisema vizuri kuliko baadhi yetu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimesomea kazi ya maabara, na nilikuwa na mwaka mmoja na nusu katika kliniki moja ndogo Zombe, nikisoma damu za watu wenye malaria na choo cha watoto wenye minyoo. Daktari Nthenya alifika pale siku moja ya soko, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, aliyevaa miwani mizito na viatu vya mpira. Alikuwa amepewa likizo ya mwaka mzima na chuo chake, na alitafuta fundi wa maabara. Alinipa kioo kimoja cha hadubini na kuniambia nikiangalie. Nikaangalia, nikamwambia, "Malaria hakuna." Akasema, "Sikukuuliza kuna nini. Nimekuuliza unaona nini." Nikarudi kwenye hadubini, nikaona haya. Nikamwambia naona duara nyeupe, kubwa, zimejaa mawe madogo madogo kama mfuko wa kokoto, na moja inajivingirisha polepole. "Inaelekea wapi?" Kushoto, nikasema. Aliniajiri hapo hapo, mbele ya wagonjwa. Niliamini kwamba alipenda macho yangu. Sikujua kwamba alikuwa anapoteza yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumanne asubuhi tulishuka kwenye chemchemi ambako maji ya vilima vya Chyulu hutokeza chini ya miamba myeusi, na kabla wanawake hawajafika na mitungi, nilikwangua tope la juu, la unene wa kidole tu, nikalitia ndooni. Chumbani tulilichuja kwa kitambaa, kisha nikalimimina kidogo kwenye sahani ya bati ya mchuzi, nikaizungusha taratibu, jinsi mama anavyozungusha ungo. Tope jepesi lilikwenda pembeni. Katikati ya sahani palibaki fungu dogo la chembe nyeupe, kama unga wa mahindi uliomwagika. Kila chembe ilikuwa kiumbe kimoja, seli moja, bakteria moja. Wale bakteria niliowajua mimi kwenye kliniki walikuwa wadogo hivi kwamba hata kwa lenzi kali ulikisia tu. Katika mwili wa mmoja wa hawa wangekaa maelfu. Jina lao la kitabuni ni Achromatium, maana yake kisicho na rangi, na si kwamba Daktari alikuwa wa kwanza kuwapata duniani. Walijulikana huko Ulaya tangu zamani. Lakini hakuna aliyewahi kusema wako kwetu, na hata hao wa Ulaya hakuna aliyeelewa vizuri ndani yao mna nini.

Siku ya kwanza alinifundisha jambo ambalo mpaka leo nawaonyesha wanafunzi wangu hapa Kitui. Aliniambia niweke tone la siki pembeni mwa kioo na nisipepese macho. Siki ilipofika, zile kokoto ndani ya seli zilianza kutoa mapovu, moja baada ya nyingine, zikayeyuka. Zilikuwa chokaa. Kiumbe kile kilikuwa kimejitengenezea chokaa mwilini mpaka kikawa kizito kama mchanga. Chokaa ilipoisha, seli ilibaki kama kibofu cha maji safi, na sasa nikaona vitu vingine vilivyojificha nyuma yake: matone madogo ya salfa yanayong'aa, na nyuzi nyembamba zilizopita huku na huku kama kuta za nyumba. Tulipotia rangi, madoa ya buluu yalitokea kila mahali kando ya nyuzi hizo. Nikamwambia Daktari, "Nilifundishwa kwamba bakteria hana vyumba. Ni mfuko tu, na DNA yake ni fundo moja katikati." Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kwenye mgongo wa kiti. "Nami nilifundishwa hivyo," akasema. "Na nimewafundisha wengine hivyo, miaka kumi na saba. Sasa hesabu madoa." Nilifika mia mbili nikapotea. Akacheka kwa sauti ya chini, akaniambia nianze tena.

Shida yake ilikuwa kwamba wenzake hawakumwamini. Kulikuwa na profesa mmoja, mhariri wa jarida, ambaye alimjibu kwa barua ya heshima sana kwamba chembe zake bila shaka ni chokaa ya mawe iliyoshikwa na ute, na kwamba madoa ya buluu ni bakteria wadogo wa kawaida waliogandia juu. Alinisomea barua hiyo tukiwa kwenye benchi la hoteli, tunakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Hakukasirika. Alikunja barua, akapangusa kijiko. "Jiwe halizai," akasema. "Tukimwona mmoja akijigawa, tangu mwanzo hadi mwisho, ni seli moja hai. Hatakuwa na la kusema." Kwa hiyo ndivyo tulivyotumia miezi iliyofuata: tulitafuta seli moja iliyoanza kubana kiunoni, tuikalie, tuichore kila nusu saa mpaka iwe mbili. Ni viumbe wa polepole. Wengi walikufa chini ya kioo kabla ya kufanya lolote. Wengine walikaa siku nzima na kiuno chao, kama vibuyu, wasiendelee wala wasirudi nyuma. Nilichora vibuyu mpaka nikaviota.

Nikiwa mtu mzima sasa, na nina wasaidizi wangu mwenyewe, nashangaa kwamba sikuona yaliyokuwa wazi. Daktari hakuinama kwenye hadubini hata mara moja tangu mwezi wa tano. Alisimama nyuma yangu na kuuliza. Rangi gani? Ukingo uko laini au una mikunjo? Imesogea? Nilidhani ananifundisha. Alimimina chai nje ya kikombe, nikadhani ana mawazo. Siku moja alimsalimia Mama Halima kwa jina langu, wote tukacheka.

Ilikuwa mwezi wa nane, wakati wa baridi, mawingu yakiwa yamelala juu ya vilima asubuhi hadi jioni. Daktari alisafiri kwenda Nairobi, akasema ana shughuli za siku moja, akaniachia chumba. Saa mbili asubuhi nilipata seli iliyobana kiunoni kuliko zote nilizowahi kuona. Nikaichora. Saa mbili na nusu ilikuwa imebana zaidi. Kwa furaha nikaandika saa kwa herufi kubwa. Niliendelea hivyo bila kunyanyuka mpaka saa sita na nusu, na kiuno kile kilikuwa kimebaki kama uzi. Nilikuwa sijala, sijanywa, shingo imekufa ganzi. Mama Halima akagonga ukuta. "Kasyoka! Utakufa humo! Njoo ule upesi, urudi." Nikasema dakika kumi. Nikaketi kwenye benchi, nikaletewa pilau, na mezani palikuwa na madereva waliokuwa wakisimulia jinsi lori la vitunguu lilivyopinduka Sultan Hamud na kijiji kizima kikanuka wiki nzima. Mmoja wao alikuwa kijana mwenye kicheko kizuri. Jina lake halina kazi hapa. Alinisogezea soda, akaniuliza ninafanya nini chumbani humo na mwanamke mwenye miwani, nikamweleza, naye alisikiliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Niliporudi chumbani ilikuwa saa tisa kasoro. Chini ya kioo palikuwa na seli mbili, kila moja duara, kati yao nafasi safi ambamo ungepitisha nyingine.

Nilikaa nikizitazama muda mrefu. Kisha nikachukua penseli, nikachora saa saba, saa saba na nusu, saa nane, na saa nane na nusu. Nilijua ingekuwaje; nilikuwa nimechora vibuyu vingi. Nilichora uzi ukinyooka, ukikatika, duara mbili zikisogea na kuachana. Nilizichora vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba picha zangu nne za uongo zilikuwa nzuri kuliko zote za kweli katika daftari lile. Daktari aliporejea jioni, jua halijazama, nilimpa daftari. Alilipeleka mlangoni penye mwanga, akalileta karibu na uso mpaka pua ikagusa karatasi, akafuata kila picha kwa kidole. Alipofika kwenye ile ya saa nane na nusu alivua miwani. Alilia bila sauti, machozi yakishuka tu. Halafu akaniita mwana wakwa, mwanangu, jambo ambalo hakuwahi kufanya, na akamwita Mama Halima kwa sauti aje aone. Mama Halima alikuja akifuta mikono kwenye leso. Alitazama daftari, akanitazama mimi, akasema, "Mashallah," na akarudi jikoni.

Siku tatu baadaye nilikuwa chumbani peke yangu, naosha vioo, nikasikia sauti zao jikoni. Mama Halima alikuwa anasukuma chapati. Nilisikia mti wa kusukumia ukigonga ubao. "Huko Nairobi ulienda kwa macho," akasema. Halikuwa swali. "Presha ya macho," akasema Daktari. "La kushoto limekwisha. La kulia linaona kama kwa tundu dogo. Daktari wa macho ameniambia nihesabu miezi, si miaka." Ule mti ukasimama. "Sasa utafanyaje kazi?" "Sifanyi na macho yangu tena, Halima. Tangu mwezi wa tano nafanya na ya Kasyoka." "Na akikudanganya je?" Nilishika ukingo wa ndoo. "Kasyoka?" akasema Daktari, na nikasikia kwamba anatabasamu. "Huyo hawezi. Huyo akiona kitu anakandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka. Mimi hupapasa picha zake kwa kidole. Mwongo hachori hivyo." Nilifungua daftari nikageuza ule ukurasa, nikapapasa nyuma yake. Zile nne zilikuwa zimekandamizwa kama nyingine zote.

Nilikaa na neno hilo siku kumi na tisa. Nilifanya kazi kwa bidii kuliko kawaida, nilifagia chumba ambacho kilikuwa safi, nilikataa kukaa kwenye benchi la hoteli, nikawa nakula nimesimama. Jumapili nilikwenda kanisani, na wakati wa ushuhuda nilisimama, nikasema ninamshukuru Mungu kwa uzima, nikaketi. Wakati huo Daktari alikuwa akinitamkia makala yake nami naipiga kwenye taipureta. Alipomaliza aliniomba nimsomee yote kwa sauti, polepole, kabla ya kuituma. Nikasoma. Sauti yake nzuri ya maandishi ilipita kinywani mwangu ukurasa baada ya ukurasa. Nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba msaidizi aliitazama seli moja mfululizo, kwa saa saba, bila kuondoka. Niliona maneno, mdomo ukakataa.

"Mbona umenyamaza?"

"Niliondoka," nikasema.

Alikuwa ameketi kwenye kiti kile kingine, mikono magotini. "Saa ngapi?"

"Saa saba kasorobo. Nikarudi saa tisa kasoro."

"Ulienda wapi?"

"Kula."

"Saa mbili nzima?"

"Kula na kucheka na watu, Daktari. Nilipata zimeshaachana. Zile picha nne ni za kichwa changu."

Lori lilipita, likafuatwa na lingine, na upande wa pili wa ukuta hapakuwa na sauti hata ya kijiko. Hatimaye alisema nilete daftari. Niliufungua ukurasa, nikaweka mikono yangu juu yake ili niuchane. "Usichane," akasema, ingawa sijui aliionaje mikono yangu. "Ukichana nitabaki na daftari safi, na hutakumbuka. Chukua kalamu ya wino. Andika juu ya kila moja: sikuona." Niliandika mara nne. Machozi yalianguka kwenye ya tatu, wino ukatanuka. Alipohakikisha nimemaliza, aliniambia niende nyumbani Zombe. "Nenda siku chache. Siwezi kukaa na wewe leo." Nilipotoka nje Mama Halima alikuwa mlangoni mwa jikoni, leso begani. Akanishika mkono. "Mimi nilikuona kwenye benchi langu siku ile," akasema taratibu. "Nilikupakulia mimi mwenyewe. Nilijua tangu nilipoonyeshwa hilo daftari." Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nilimuuliza kama unaweza kumdanganya, na nilijua uko nyuma ya ukuta unaosha vioo vyako. Nilitaka useme wewe. Ningesema mimi, angebaki na macho ya nani?"

Nyumbani sikumwambia mtu. Siku ya nne nilirudi Kiboko bila kuitwa. Daktari alikuwa chumbani, anazungusha tope kwenye sahani ya bati, akijaribu kusikia kwa vidole kama chembe zimekusanyika. Nusu ya tope ilikuwa sakafuni. "Umefuata nini?" akauliza kabla sijasalimia. Alinijua kwa hatua zangu. Nikasema kazi haijaisha. Akanyoosha sahani kuelekea nilipokuwa, nikaipokea. Hatukuwahi kulizungumza tena. Lakini alianza kuketi karibu yangu, bega kwa bega, na badala ya kuuliza aliniacha niseme mwenyewe, naye akaandika kwa kalamu nene, mistari mikubwa inayopanda na kushuka. Alikuwa ameitoa ile sentensi katika makala, na bila hiyo makala haikuwa na maana, kwa hiyo tulianza upya. Wingu la mvua lilikuwa linajikusanya. Tulijua mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, mafuriko yatachukua tope la juu lote.

Tulipata seli yetu wiki moja kabla ya mvua. Tulianza alfajiri, jua likitoka. Nilisema ninachokiona na yeye aliandika, na redio ndogo mezani ilitupa saa. Mama Halima alituletea chai na anjera, ile mikate laini ya kwao, akatulisha karibu mdomoni kama watoto, kwa sababu sikutaka kuondoa jicho na Daktari hakutaka kuweka kalamu chini. Saa tano kiuno kilibana. Saa saba kilikuwa uzi. "Bado uzi," nikawa nasema kila dakika chache. "Bado uzi. Upande wa kulia unatetemeka. Bado uzi." Saa nane na dakika tano stima ikapotea. Chumba kizima kikawa giza, katoni dirishani, hadubini imekufa. Niliruka nikang'oa katoni. Mwanga uliingia lakini taa ya hadubini ilikuwa ya stima tu. Mama Halima alikuja na tochi, tukaishika chini ya kioo, nikaona weupe mtupu kama maziwa. Tulingoja. Daktari hakusogea. Aliandika saa, akachora mstari, akangoja. Dakika thelathini na tano baadaye taa ikawaka yenyewe, nikainama. Zilikuwa mbili. Zimeachana, ziko salama, kila moja na chokaa yake, ile ya kulia inajivingirisha.

"Ziko mbili," nikasema.

"Uliona zikiachana?"

Nilijua na yeye alijua. Mama Halima alikuwa amesimama mlangoni na tochi yake, bado inawaka. Hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angeweza kusema kilichotokea chini ya kioo kile. Neno moja, ndiyo, lingetosha. Na isitoshe, ingekuwa karibu na ukweli, kwa sababu ni kitu gani kingine kingekuwa kimetokea?

"Hapana," nikasema. "Sikuona."

Niliisikia kalamu ikiandika. Kisha mkono wake ukatafuta, ukapata shingo yangu pale inapouma, ukakaa hapo. "Nesa," akasema kwa Kikamba. Vema. Halafu akaniuliza chokaa imegawanyika sawa au upande mmoja umepata zaidi.

Mvua ilinyesha siku sita. Tuliposhuka chemchemini palikuwa na mchanga mpya, mwekundu, na sahani ya bati haikutupa chembe hata moja. Watu wameniuliza kama nilihisi ni hasara. Nilihisi, sana. Miaka hii ya karibuni wenzetu wa nchi nyingine wameonyesha kwamba seli moja tu ya aina ile hubeba DNA nyingi, tena zinazotofautiana, kana kwamba ni umati ndani ya ngozi moja. Na ng'ambo ya bahari, kwenye majani yaliyooza ya mikoko, imepatikana bakteria nyingine ndefu kama ukope, iliyofungia DNA yake kwenye vifuko. Hakuna anayebisha tena. Nilimpelekea Daktari habari hizo Tseikuru, nikamsomea kutoka kwenye simu yangu akiwa ameketi barazani, kipofu kabisa, anachambua pojo kwa vidole. Aliniuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Hakusema kwamba angekuwa wa kwanza, wala mimi sikusema. Aliwafundisha watoto wa jirani hesabu kwa kokoto, aliimba katika kanisa lake, na jina lake halimo katika kitabu chochote nilichowahi kumpa mwanafunzi. Nimejiuliza mara nyingi kama siku ile ya mwezi wa nane, ningevumilia njaa saa mbili tu, lingekuwamo. Jibu ninalo, na ni langu kulibeba.

Lakini nimalizie mwaka wenyewe. Tulituma makala na lile pengo la dakika thelathini na tano likiwa limeandikwa wazi. Barua ya mhariri ilifika mwezi wa kwanza, tukiwa tumeshafunga ndoo na kurudisha funguo, tumeketi hotelini tunangoja gari. Daktari aliniomba nimsomee. Safari hii profesa hakutaja chokaa ya mawe. Alisifu kazi. Aliandika kwamba ikiwa msaidizi anaweza kuthibitisha kwa maandishi kuwa aliishuhudia hatua ya mwisho kwa macho yake, jarida litaichapisha. Bila hivyo, haitawezekana. "Soma tena hapo mwisho," akasema. Nikasoma. Mama Halima alikuwa ameacha kupangusa meza. Daktari aligeuza uso wake kunielekea, si machoni hasa, kidogo pembeni ya sikio langu, maana wakati huo hakuona tena nilipo. "Mimi siwezi kumjibu," akasema. "Aliyekuwa kwenye hadubini ni wewe. Jina lako pia litakuwa juu ya karatasi, Kasyoka, na wewe ni kijana, lingekusaidia. Mjibu unavyojua."

Nilitoa taipureta kwenye sanduku, nikaiweka mezani kati ya glasi za chai. Barua yangu haikufika nusu ukurasa. Nilimwambia profesa kwamba nilichoona nilikisema na kikaandikwa, na kwamba stima ilipotea saa nane na dakika tano ikarudi saa nane na dakika arobaini, na kwamba kati ya hapo sikuona. Nikamsomea Daktari. Akasema hakuna la kuongeza, ila atatia sahihi yake chini ya yangu. Nilimpa kalamu, nikamshika mkono, nikauweka penye mstari, na nikatazama mpaka alipomaliza herufi ya mwisho.